Machimbo, Majina na Kumbukumbu: Mitaa ya Mashariki ya Nairobi kama Matini ya Fasihi

1. Utangulizi

Mji wa Nairobi ulijengwa kwa mawe, na mawe hayo yalichimbwa kwa mikono ya watu. Baada ya reli kufika mahali hapo mwaka 1899, mji ulihitaji ofisi, stesheni, mahakama na makanisa. Sehemu kubwa ya mawe ya kijivu, yaliyotokana na majivu ya volkano, ilitolewa katika machimbo yaliyo kandokando ya mji wenyewe: bonde la Mathare kwanza, kisha maeneo ya Dandora, Kayole na Njiru kadiri mji ulivyotanuka. Mchimbaji, mchongaji wa mawe, mbebaji, kibarua wa reli na mfagizi wa manispaa walikuwa majirani. Makazi yao ndiyo hii mitaa ya mashariki ambayo hadi leo inajulikana kwa jina la jumla la Eastlands: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Muthurwa, Makongeni, Bahati, Jericho, Mbotela, Dandora na mingineyo.

Jamii za wachimba madini na mawe katika nchi nyingi zimejiwekea utaratibu wa kuhifadhi historia yao. Zana za kazi hukusanywa, majina ya waliokufa kazini huchorwa ukutani, na masimulizi ya wazee huandikwa. Mitaa ya mashariki ya Nairobi haina hifadhi ya namna hiyo. Palipokuwa na machimbo leo pana vibanda au jaa la takataka. Kwa hiyo urithi wa jamii hii umehifadhiwa katika lugha: katika majina ya mahali, katika istilahi za kazi na za maisha, na katika masimulizi na nyimbo. Lugha hiyo ni Kiswahili.

Hata hivyo, uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeitumia mitaa hii kama mandhari tu. Inapotajwa, hutajwa ili kuthibitisha kwamba mji huharibu maadili, kwamba kijana wa shamba akifika Nairobi atapotea. Makala haya yanadai kwamba mtazamo huo umeficha jambo la msingi. Mitaa ya mashariki ni matini yenye msuko wake, na msuko huo ni historia ya kazi. Riwaya zilizoishughulikia kwa upana zaidi zimeandikwa kwa Kiingereza, na zimeisoma matini hiyo kwa viwango tofauti vya usikivu. Ili kulionyesha hilo, makala yatachunguza majina ya mitaa, riwaya mbili za Nairobi, riwaya moja ya Kiswahili kuhusu wafanyakazi wa Unguja, na hatimaye sauti zilizotoka Dandora.

2. Majina kama matini

Majina ya mitaa ya mashariki yamelaliana kwa tabaka mfano wa tabaka za mwamba, na kila tabaka lina wakati wake.

Tabaka la kwanza ni la pwani. Kabla ya Pumwani kutengwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi ya Waafrika, palikuwapo vijiji vilivyojengwa na wakazi wenyewe, Pangani kikiwa kimojawapo. Pangani ni jina la mji mkongwe wa pwani ya Tanzania. Kaloleni, mtaa uliojengwa na manispaa katika miaka ya 1940, una wajina wake katika nchi ya Wagiriama, nyuma ya Mombasa. Majengo, Ziwani na Makongeni ni majina ya Kiswahili yasiyohitaji kufasiriwa. Mhakiki anapaswa kujiuliza ni kwa nini mji ulio bara, kilomita zipatazo mia tano kutoka baharini, ulijitaja kwa msamiati wa pwani. Jibu limo katika historia. Wapagazi, askari, wapishi na wafanyabiashara waliofuatana na misafara na reli walikuja na Kiswahili na Uislamu, na ndio waliofundisha bara namna ya kuishi mjini. Waliokuja baadaye kutoka Nyanza, Ukambani na Mlima Kenya waliukuta mji wenye lugha.

Tabaka la pili ni la vita. Kariokor ni matamshi ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na wajina wake Kariakoo uko Dar es Salaam. Wapagazi hao walikufa kwa wingi, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Soko la Burma nalo linabeba kumbukumbu ya askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa kupigana Asia katika Vita vya Pili. Mtu anayenunua nyama Burma au kiondo Kariokor hulitamka jina la vita bila kujua. Hapo pana ukumbusho ambao haukujengwa kwa shaba wala kwa marumaru, na ambao umetamkwa na watu wengi zaidi kuliko wanaosoma maandishi ya sanamu za mjini.

Shauri Moyo linastahili kutajwa peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kilibomolewa, na waliokuwa na nyumba zao huko wakaelekezwa Shauri Moyo. Jina lenyewe ni nomino mbili zilizowekwa bega kwa bega bila kiunganishi. Linaweza kusomwa kama shauri la moyo, yaani hiari, na linaweza pia kusomwa kama kejeli ya aliyeambiwa achague ilhali hakuachiwa la kuchagua. Utata huo ni wa kifasihi. Katika maneno mawili umo mgogoro kati ya amri ya manispaa na nafsi ya mwenye nyumba, na hakuna ripoti ya wakati huo iliyoueleza kwa ufupi kama huo.

Tabaka la tatu ni la Hali ya Hatari. Tom Mbotela, aliyekuwa kiongozi katika chama cha KAU, aliuawa Novemba 1952. Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, aliuawa mwaka 1953. Mitaa iliyojengwa baadaye ilipewa majina yao. Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliendesha Operesheni Anvil, ikawakamata makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru katika mji huu na kuwapeleka kizuizini. Majina ya hao hayakuandikwa katika lango la mtaa wowote wa enzi hiyo. Ramani kwa hiyo ilichagua upande. Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili jina la Mbotela lina uzito wa ziada, kwa kuwa ni jina la ukoo wa Freretown aliotoka James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934). Jina lililofungua ukurasa wa nathari ya Kiswahili kuhusu utumwa na ukombozi limekuwa pia jina la mtaa wa wafanyakazi, na uhusiano huo haujafuatiliwa ipasavyo na wahakiki.

Tabaka la nne, Uhuru na Umoja, ni la kaulimbiu za taifa jipya. Na chini ya yote hayo kuna jina ambalo halikutolewa na mkubwa yeyote: Kware, katika eneo la Mukuru, ambalo ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe lililotafunwa na vinywa vya wachimbaji hadi likawa Kiswahili.

3. Riwaya mbili na viwango vya usikivu

Katika Going Down River Road (1976), Meja Mwangi anawachora Ben na Ocholla, vibarua wa mjengo wanaopandisha jengo refu liitwalo Development House. Uhalisia wa riwaya hii umesifiwa kwa haki. Saruji, jasho, pombe ya bei rahisi na njaa ya kabla ya mshahara vimeelezwa na mtu anayevifahamu. Vibanda vilivyo kando ya mto huchomwa na askari wa baraza la mji, na wenyewe huvijenga upya. Jengo hupanda ghorofa baada ya ghorofa huku aliyelijenga akibaki pale pale alipokuwa.

Kasoro ya riwaya hii inahusu kumbukumbu. Wafanyakazi wa Mwangi hawana jana. Jiwe wanalolipandisha halina machimbo lilikotoka, na chama cha wafanyakazi kilichowatangulia hakitajwi. Msomaji hawezi kujua kwamba mji huu huu ulishuhudia mgomo mkuu Mei 1950, baada ya Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa, wala kwamba tarehe 23 Aprili ya mwaka huo, katika ukumbi wa Kaloleni, wawili hao walipendekeza azimio la kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Vibarua wa Development House wangeweza kuwa watoto wa waliogoma. Riwaya inawatenga na urithi huo, na matokeo yake ni kwamba dhiki yao inaonekana kama hali ya maumbile. Mtu anayeteseka bila historia hawezi kuonekana akiwa na mustakabali, na ndiyo sababu riwaya haina pa kumalizikia isipokuwa kwenye kibarua kingine.

Coming to Birth (1986) ya Marjorie Oludhe Macgoye inafuata njia nyingine. Paulina anawasili Nairobi mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, kuishi na mumewe Martin huko Pumwani. Mimba inapoharibika anapelekwa hospitali, na akitoka anapotea njia. Tukio hilo limehakikiwa mara nyingi kama ishara ya ugeni wa mwanamke katika mji wa wanaume. Tafsiri hiyo haina kosa, lakini haitoshi. Paulina anapotea kwa sababu hajui bado kuisoma mitaa. Kujifunza kwake mji ni kujifunza majina, na kadiri miaka inavyokwenda, kutoka Hali ya Hatari hadi mauaji ya kisiasa ya miaka ya 1960 na 1970, riwaya inapima ukuaji wake kwa uwezo wa kujua yuko wapi na nani aliishi hapo kabla yake. Macgoye, Mwingereza kwa kuzaliwa aliyeolewa Uluoni, aliisikiliza ramani ya mashariki kwa makini kuliko waandishi wengi waliozaliwa Kenya.

Tofauti ya usikivu inadhihirika zaidi katika neno moja. Mwanahistoria Luise White, katika The Comforts of Home (1990), aliandika historia ya ukahaba wa Nairobi ya kikoloni kwa kutegemea mahojiano na wazee wa Pumwani na kwingineko. Uchambuzi wake umejengwa juu ya istilahi tatu za Kiswahili alizopewa na wahojiwa: watembezi, waliotafuta wateja barabarani, malaya, waliongojea chumbani mwao, na wazi-wazi, waliokaa mlangoni na kutaja bei hadharani. Katika usemi huo, malaya alikuwa mwanamke mwenye chumba, aliyempa mgeni chai, chakula na maji ya kuoga, na mapato yake yaliweza kujenga nyumba Pangani au Pumwani. Neno ambalo kamusi za leo zinalifasiri kama tusi lilikuwa istilahi ya uchumi.

Mhakiki anayelisoma neno hilo kama tusi tu atamwona kila mwanamke wa riwaya ya Nairobi kama dalili ya upotovu. Wanawake wa Mwangi kwa kiasi kikubwa wamechorwa hivyo, nao huja na kutoweka kwa kipimo cha haja ya wanaume. Amina, mwanamke wa Pumwani katika riwaya ya Macgoye, ni mtu wa namna nyingine: ana mali, ana nasaha, na mji ni wake. Nyuma yake wamesimama wenye nyumba wa kike wa Pangani waliobomolewa. Inasikitisha kwamba istilahi za wazee hao, zilizotamkwa kwa Kiswahili, ziliingia katika taaluma kupitia kitabu cha Kiingereza, na zikarudi kwa wahakiki wa Kiswahili zikiwa zimetafsiriwa.

4. Mfano wa Kuli

Inaweza kudaiwa kwamba riwaya ya Kiswahili haina mbinu za kushughulikia historia ya wafanyakazi wa mjini. Dai hilo linakanushwa na Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi. Riwaya hiyo inamfuata Rashidi katika bandari ya Unguja hadi mgomo wa mwaka 1948. Kazi yenyewe, yaani kubeba, kupakia, kupakua, kuumia na kulipwa kidogo, ndiyo inayosukuma msuko. Mwamko wa mhusika unatokana na kazi, si na mahubiri ya mwandishi peke yake. Mtaa, mkahawa na baraza vimepewa nafasi yake katika kuenea kwa habari za mgomo.

Kuli ina udhaifu wake. Wahusika wake wamegawanywa kwa mstari mnyoofu mno kati ya wema na uovu, na dhana ya shujaa mmoja anayewaamsha wenzake inapunguza ukweli kwamba migomo huandaliwa na wengi wasiojulikana. Hata hivyo riwaya hiyo imewapa makuli wa Unguja jana yao. Mgomo wa Nairobi wa 1950 ulitokea miaka miwili tu baada ya ule wa Unguja, nao bado unangoja riwaya ya Kiswahili yenye kimo hicho. Wachimba mawe wa Mathare na Njiru wanangoja hata zaidi, maana hao hawakuwa na bandari wala reli ya kusimamisha, na kazi yao ilifanyika shimoni, mbali na macho ya magazeti.

Sababu moja ya pengo hili ni mgawanyo wa kazi ndani ya vyuo vyenyewe. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitoa waraka mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Nairobi uliodai fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya mafunzo. Ushindi wa hoja hiyo ulileta manufaa makubwa. Lakini fasihi simulizi ilieleweka kuwa mali ya kijiji. Mtafiti alipanda basi akaenda kurekodi ngano kwa bibi yake, akipita Landhies Road na Muthurwa pasipo kufungua kinasa sauti. Wimbo wa wabebaji wa mawe, utani wa mafundi na visa vya Hali ya Hatari vilivyosimuliwa katika nyua za Kaloleni havikuhesabiwa kuwa fasihi, kwa kuwa havikuwa na kabila moja la kuvidai.

5. Shimo na sauti

Dandora ndipo machimbo na fasihi vinapokutana waziwazi. Mwaka 1975 serikali ya Kenya na Benki ya Dunia zilianzisha hapo mradi wa viwanja vipatavyo 6,000, ambapo mkazi alipewa kiwanja chenye maji na choo naye akajijengea nyumba. Katika miaka hiyo hiyo shimo la machimbo ya kale lilianza kujazwa takataka za mji mzima. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na taka ziliendelea kumwagwa baada ya hapo. Mahali palipoupa mji mawe yake palirudishiwa uchafu wake.

Kutoka Dandora lilitokea kundi la Kalamashaka, ambalo mwishoni mwa miaka ya 1990 lilitoa wimbo wa Tafsiri Hii. Kichwa hicho ni kitenzi cha amri, na mwenye kuamriwa ni msikilizaji, mhakiki akiwamo. Vijana hao walitumia Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, lugha ambayo chimbuko lake hutafutwa katika mitaa hii hii, kuyaeleza maisha ya mtaa kwa nafsi ya kwanza. Mjadala wa kitaaluma juu ya Sheng ulishughulikia mno swali la kama inaharibu Kiswahili sanifu. Swali la kifasihi liliachwa: je, sauti hizi zimeendeleza masimulizi gani? Zikisikilizwa pamoja na majina yaliyotajwa juu, huonekana kuwa zinafanya kazi ile ile iliyofanywa na walioita Kware kware na Carrier Corps kariokor. Zinalichukua neno la mwenye nguvu, zinalivunja na kulitumia jengoni mwao.

Pana hatari upande wa pili pia, nayo haifai kupuuzwa. Kuipa mitaa hadhi ya urithi kunaweza kuifanya dhiki ionekane tamu. Nyumba nyingi za manispaa ziligawiwa kwa nafasi ya kitanda, kwa imani kwamba mwanamume Mwafrika alikuja mjini kufanya kazi na familia yake ibaki shamba. Kuta hizo ni ushahidi wa dharau kabla ya kuwa ushahidi wa ujirani. Machimbo nayo hayajaacha kuua. Julai 2024 miili ya wanawake ilipatikana katika machimbo ya Kware yaliyogeuzwa jaa, na taifa lilishtuka kuisikia Kware kana kwamba jina hilo limezaliwa siku ile. Uhakiki unaohifadhi kumbukumbu bila kuhifadhi jeraha utakuwa umelipamba shimo kwa maua.

6. Hitimisho

Mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu umeifikia Pangani, Shauri Moyo, Starehe na Makongeni, na nyumba za zamani zinatoa nafasi kwa maghorofa. Si kazi ya uhakiki wa fasihi kuamua kama mkazi wa chumba kimoja chenye bomba la nje anyimwe lifti kwa ajili ya historia. Mkazi huyo ana haki ya nyumba bora. Kazi ya uhakiki ni kuuliza jina litakalobaki juu ya lango, na kama atakayelisoma ataweza kulifasiri.

Makala haya yameonyesha kwamba majina ya mitaa ya mashariki yanasimulia kuja kwa watu, vita, ubomoaji, mauaji na matumaini kwa mpangilio unaoweza kuchambuliwa kama msuko wowote. Kwamba Mwangi aliitoa kazi katika historia yake ilhali Macgoye aliirudisha kupitia ramani. Na kwamba riwaya ya Kiswahili, iliyoweza Unguja, haijafika Nairobi kwa uzito ule. Yanayofuata ni ya vitendo. Wanafunzi wa uzamili wanaotumwa kukusanya fasihi simulizi watumwe Kaloleni na Njiru kama wanavyotumwa vijijini. Istilahi za mchimbaji, fundi, kuli na mwenye nyumba zikusanywe kwa maana zao za wakati wake, kabla kamusi hazijazigeuza matusi au kuzisahau. Wazee waliozikuta nyumba za Makongeni zikiwa mpya wanazidi kupungua, na wengi wao wakistaafu hurudi mashambani, ambako mtafiti wa siku zijazo atawakuta na kuwaomba ngano za sungura.